Kupima Maisha ya Majirani: Uhakiki wa Maneno na Vipimo Vinavyolinganisha Kenya na Tanzania

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango; atakaye kuijua sharti afungue aingie ndani. Methali hii yafaa kuwekwa mbele ya kila andiko linalolinganisha hali ya maisha ya nchi mbili, kwa maana aghalabu mlinganishi husimama nje, akautazama mlango, kisha akatoa hukumu juu ya chumba asichopata kukiona. Kenya na Tanzania zimelinganishwa kwa namna hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Nchi hizi zapakana tangu ziwani hadi baharini. Husema lugha moja. Na hadi mwaka 1966 zilitumia sarafu moja, shilingi ya Afrika Mashariki, mpaka kila moja ilipotoa shilingi yake yenyewe. Shilingi hizo mpya zilianza safari zikiwa sawa kwa thamani. Kufikia mwaka 2024 shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu shilingi 20 za Tanzania.

Mtu asiye na subira huliona jambo hilo moja akadhani kuwa amekwisha kupata jawabu. Hakika si jawabu. Dola moja ya Marekani hubadilishwa kwa yen za Japani zaidi ya mia, wala hapana mwenye akili asemaye kuwa Mjapani ni fukara mara mia kuliko Mmarekani. Bei ya sarafu katika duka la kubadilishia fedha haielezi ni kiasi gani cha unga, mafuta ya taa au dawa kinachoweza kupatikana kwa kibarua cha siku moja. Lakini kosa hilo, ingawa ni jepesi kulisahihisha, ni ndugu wa makosa makubwa zaidi yaliyomo katika maandishi ya wenye elimu. Makosa hayo ni ya namna mbili: mengine ni ya maneno, na mengine ni ya vipimo, na namna hizi mbili hulindana.

Maneno

Istilahi itumikayo sana leo katika vitabu na magazeti ni "kiwango cha maisha". Imeundwa kwa kufuata mfano wa lugha za Ulaya, na haina ubaya kwa sababu hiyo tu. Lakini yafaa kuangaliwa inachokibeba. Kiwango ni kitu kilichopimwa kikawekwa alama. Mtu amekifikia au hajakifikia. Usemi wa wenyeji, "hali ya maisha", ni wa tabia nyingine. Hali hubadilika: asubuhi ni nafuu, jioni ni dhiki, mavuno yakija kuna shibe, masika yakichelewa kuna njaa. Mkulima wa Dodoma au wa Kitui hana kiwango kimoja katika mwaka. Ana miezi ya ghala lililojaa na miezi ya ghala tupu, na akiulizwa katika mwezi wa kwanza baada ya kuvuna atatoa majibu yasiyofanana na yale ya mwezi kabla ya kuvuna. Anayesema "kiwango" amekwisha kuifuta tofauti hiyo kabla ya kuanza kuhesabu.

Usemi "nchi zinazoendelea" una ila yake pia. Kitenzi chake chaonyesha mwendo usiokoma, wala hakisemi unakwenda wapi. Chini ya jina hilo huwekwa pamoja nchi iliyopiga hatua, nchi iliyosimama na nchi iliyorudi nyuma, na zote zikaitwa zenye kuendelea. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ina wepesi wa kutenganisha aliyekwenda, anayekwenda, aliyekwama na aliyerejea, hukubali kitenzi kimoja kiyameze yote.

Jambo zito zaidi ni lile linalohusu maneno "maskini" na "fukara". Katika maandishi ya siku hizi maneno haya hutumiwa kana kwamba ni neno moja, na "umaskini" likafanywa tafsiri ya kila namna ya upungufu. Ilhali pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na elimu ya kuyatenganisha tangu zamani, kwa sababu fakiri na maskini ni mafungu mawili mbalimbali katika mafungu manane ya wanaostahili zaka. Wanazuoni wa madhehebu walihitilafiana ni nani kati yao aliye taabani zaidi. Wa Kishafii, ambao fikihi yao ndiyo iliyoenea pwani, walisema kuwa fakiri ndiye mwenye dhiki zaidi: asiye na mali wala chumo linalofikia hata nusu ya haja zake. Maskini naye ni yule mwenye kupata nusu au zaidi, lakini kisimtoshe. Mtu ambaye haja zake ni kumi akapata mawili au matatu ni fakiri. Akapata saba au manane ni maskini. Wa Kihanafi walishika kinyume chake, kwamba maskini ndiye aliye chini zaidi.

Hitilafu hiyo si kitu kinachopasa kuamuliwa hapa. Linalopasa kuonwa ni kuwa kipimo cha wanazuoni hao hakikuwa kiasi cha fedha kilichowekwa kwa watu wote. Kilikuwa ni uwiano kati ya haja ya mtu na chumo lake, na haja hiyo hutazamwa mahali alipo na kwa wale anaowalisha. Kwa hiyo si kweli kwamba Kiswahili kilikuwa hakina msamiati wa jambo hili mpaka kilipoletewa. Kilikuwa na msamiati, tena wenye hesabu ndani yake, ukaachwa.

Kashfa za majirani

Tukio linalofaa kuhakikiwa kabla ya tarakimu ni ushindani wa maneno uliotokea baina ya nchi hizi katika miongo ya kwanza ya uhuru. Kenya ilitoa mwaka 1965 Waraka wa Bunge Nambari 10, uliotumia jina la ujamaa wa Kiafrika huku ukifungua mlango kwa mali ya mtu binafsi na mtaji wa kigeni. Tanzania ilitoa Azimio la Arusha mwaka 1967, ikataifisha mabenki na viwanda vikubwa. Kila nchi ikajifanya kioo cha kuonyesha uovu wa mwenziwe. Upande wa Tanzania ulisema kuwa Kenya ni nchi ya manyang'au, ambako mtu humla mtu. Upande wa Kenya, katika jibu linalonasibishwa na Charles Njonjo aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, ulisema kuwa Tanzania ni nchi ambako mtu hana cha kula.

Kila kashfa ilikuwa na ukweli wa nusu. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioichunguza Kenya ulieleza jinsi watu wengi wa mijini walivyojitafutia riziki nje ya ajira rasmi, wakifanya kazi sana na kupata kidogo. J. M. Kariuki, mbunge aliyeuawa mwaka 1975, alionya juu ya nchi yenye mamilionea kumi na mafukara milioni kumi. Kwa upande wa pili, Julius Nyerere mwenyewe, alipolipima Azimio baada ya miaka kumi, mwaka 1977, alikiri kuwa Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Baada ya hapo yakaja mapigano na Uganda ya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta, na uhaba wa sabuni, sukari na nguo. Mpaka baina ya nchi hizi ulifungwa tangu mwaka 1977 hadi 1983, na bidhaa zikapita njia za panya. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania iliwasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Lakini neno "mlanguzi" halikuenea ila kwa kuwa duka la halali lilikuwa tupu.

Kosa la kashfa hizo halikuwa uongo. Kosa lilikuwa kwamba moja ilizungumza juu ya mgawanyo, na nyingine juu ya wingi. Mmoja aliuliza: nani amekula? Mwingine akajibu: kuna nini chunguni? Mizani mbili mbalimbali ziliwekwa kana kwamba ni mizani moja, na desturi hiyo ingalipo katika maandishi ya leo, ijapokuwa matusi yamekwisha na tarakimu zimeshika mahali pake.

Vipimo

Kipimo cha kwanza kutajwa huwa pato la taifa kwa kila mtu. Kwa hesabu za Benki ya Dunia za mwaka 2023, pato hilo katika Kenya lilizidi kidogo dola 2,000, na katika Tanzania lilikuwa kiasi cha dola 1,200. Tofauti ni kubwa, wala haifai kudharauliwa. Lakini inafaa kukumbuka jinsi tarakimu hizi zinavyopatikana. Mwezi wa Septemba mwaka 2014 Kenya ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, na pato la taifa likaongezeka kwa robo moja hivi. Kwa hesabu hizo mpya nchi ikatajwa kuwa imeingia daraja ya kipato cha kati cha chini. Miezi michache baadaye Tanzania nayo ilifanya mabadiliko ya namna hiyo, pato lake likaongezeka kwa zaidi ya robo. Tanzania ilitangazwa kuingia daraja hiyohiyo tarehe 1 Julai mwaka 2020, kwa kuwa pato la mtu mmoja kwa mwaka 2019 lilihesabiwa kuwa dola 1,080 na mpaka wa daraja ulikuwa dola 1,036.

Hapana aliyelala maskini akaamka ana nafuu kwa sababu ya mabadiliko hayo. Marekebisho yalikuwa ya haki, kwa maana hesabu za zamani ziliacha kazi nyingi zilizokuwa zimekwisha kuota, kama vile biashara ya simu. Lakini ikiwa robo nzima ya utajiri wa nchi inaweza kuonekana kwa kalamu ya mhasibu, basi mwandishi anayejenga hoja kubwa juu ya tofauti ndogo za tarakimu hizo amejenga juu ya mchanga.

Kipimo cha pili ni hesabu ya watu walio chini ya mstari wa umaskini, na hapa pana fundisho kubwa. Uchunguzi wa kaya wa Kenya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa watu 36.1 katika kila mia walikuwa maskini. Uchunguzi wa Tanzania Bara wa mwaka 2017/18 ulionyesha 26.4 katika kila mia. Msomaji atasema kuwa Tanzania ina nafuu. Lakini akiutazama mstari wa kimataifa wa dola 1.90 kwa siku, uliotumika katika miaka hiyo, mambo hupinduka: Kenya ilikuwa na zaidi kidogo ya theluthi moja ya watu wake chini ya mstari, na Tanzania karibu nusu. Nchi ileile, watu walewale, miaka ileile. Na jawabu limegeuka.

Sababu yake haina uchawi. Kila serikali ilikata kamba yake yenyewe. Mstari wa Kenya ulikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima wa shamba, na shilingi 5,995 kwa wa mjini. Mstari wa Tanzania Bara ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima popote alipo. Kwa sarafu ya dola ya miaka ile, wa Kenya ulikuwa kama dola 32 shambani na 59 mjini, na wa Tanzania karibu dola 22. Kubadilisha sarafu ni mizani mbovu, kama ilivyokwisha kusemwa, na bei za nchi hizi si moja. Hata hivyo ni wazi kuwa kamba hazikulingana urefu. Anayesema "umaskini wa Kenya ni 36 na wa Tanzania ni 26" amepima nguo mbili kwa pima mbili, kisha akatangaza iliyo ndefu. Kila mstari una manufaa ndani ya nchi yake, kwa kulinganisha mwaka na mwaka au mkoa na mkoa. Ukivushwa mpaka, unapoteza maana.

Kipimo cha tatu kilibuniwa kwa nia ya kusahihisha viwili vya kwanza. Tangu mwaka 1990, kwa juhudi za Mahbub ul Haq pamoja na fikira za Amartya Sen, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa limekuwa likichapisha kipimo cha maendeleo ya binadamu, kinachounganisha urefu wa maisha, elimu na kipato. Katika taarifa yenye hesabu za mwaka 2022, Kenya ilipata 0.601 na Tanzania 0.532. Kenya iko juu. Lakini mtu akikifungua kipimo hicho akatazama ndani, ataona jambo ambalo jumla imelificha: kwa makadirio hayohayo ya Umoja wa Mataifa, Mtanzania alitazamiwa kuishi miaka 66.8 na Mkenya miaka 62.1. Nchi yenye fedha kidogo ndiyo yenye maisha marefu zaidi. Kenya imepata nafasi yake kwa kipato na kwa miaka ya kusoma shuleni, na mambo hayo yamefunika upungufu wa umri.

Kipimo kinachojumlisha uhai na fedha humlazimisha msomaji akubali kuwa karibu miaka mitano ya kuishi ina bei yake katika shilingi, wala hakimwambii bei hiyo ni ngapi. Pengine yuko mtu atakayechagua kipato, na yuko atakayechagua umri. Lakini uchaguzi huo ni wa watu wenyewe, nao hawakuulizwa.

Wastani na kilichositirika

Neno "wastani" latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kilicho katikati. Katika hesabu za pato, wastani si mtu wa katikati. Ni jumla iliyogawanywa. Na tajiri mmoja akihamia kijijini, wastani wa kijiji hupanda bila ya mwanakijiji yeyote kuongezewa chochote. Katika uchunguzi wa Kenya uliotajwa, maskini wa Nairobi walikuwa 16.7 katika mia, na wa Turkana 79.4. Katika Tanzania Bara, Dar es Salaam ilikuwa na karibu 8 katika mia, na Rukwa karibu 45. Tofauti kati ya Nairobi na Turkana ni kubwa mno kuliko tofauti yoyote inayotajwa baina ya Kenya na Tanzania. Fundi wa Nairobi na fundi wa Dar es Salaam wanajuana hali zao kuliko kila mmoja anavyojua hali ya mchungaji au mkulima wa nchi yake mwenyewe.

Hata ile kashfa ya zamani kwamba Kenya ni ya walaji na Tanzania ni ya usawa haisimami tena. Kipimo cha Gini, kinachoonyesha utofauti wa matumizi ya kaya, kilikuwa 40.8 kwa Kenya mwaka 2015 na 40.5 kwa Tanzania mwaka 2018. Majirani waliotukanana kwa ajili ya mgawanyo wamekutana mahali pamoja.

Yako pia mambo yasiyohesabiwa kabisa. Mama lishe wa Dar es Salaam anayepika wali na kuuza, kazi yake yaingia katika pato la taifa. Akirudi nyumbani akapika chungu kilekile kwa watoto wake, kazi yake haimo. Ulezi wa mgonjwa na wa mtoto haumo. Nchi ambayo kazi hizo hufanywa zaidi nyumbani itaonekana maskini kuliko ile ambayo hununuliwa, ijapokuwa shibe ni moja.

Lugha ya mtaani imeyaona mambo haya kabla ya wenye takwimu. Kenya ina "jua kali" kwa kazi ya fundi asiye na paa, "mama mboga", na "kadogo" kwa bidhaa iliyofungwa katika vipimo vidogo kwa ajili ya mwenye fedha ya siku moja tu. Tanzania ina "machinga", "kubangaiza" na "kuganga njaa". Usemi huu wa mwisho wastahili kufikiriwa: njaa haiondolewi, hugangwa tu, kama maradhi yatakayorudi. Mahindi hupimwa kwa gorogoro upande mmoja na kwa kisado upande wa pili. Nyanya huuzwa kwa fungu, na bei ikipanda fungu hupungua huku bei yake ikibaki palepale. Anayeandika bei bila ya kulitazama fungu ameandika uongo pasipo kujua.

Fasihi nayo ina ushahidi wake. Euphrase Kezilahabi, katika Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, aliwaonyesha wanavijiji wakihamishwa kwa nguvu kwa jina la maendeleo yao. Na Ken Walibora, katika Siku Njema ya mwaka 1996, alimvusha mpaka kijana wa Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Riwaya si takwimu, wala haifai kutumiwa kama takwimu. Lakini huingia ndani ya nyumba, mahali ambapo mhesabu aliishia mlangoni.

Hitimisho

Haifai kudhani kuwa uhakiki huu wataka tarakimu zitupwe. Bila ya tarakimu, wenye nguvu watasema watakalo, kama walivyosema wakati wa kashfa. Hoja ni kuwa tarakimu zina amri juu ya watu. Daraja ya nchi huathiri masharti ya mikopo yake. Mstari wa umaskini huamua ni kaya gani itakayosaidiwa na ipi itakayoachwa. Mwenye kaya hiyo husema Kiswahili. Akiambiwa kuwa si maskini kwa kuwa amevuka mstari, sharti awe na maneno ya kuuliza: mstari huo umechorwa na nani, kwa haja zipi, katika mwezi gani wa mwaka, na kwa fungu la ukubwa gani?

Kazi ya wataalamu wa lugha haiishii basi katika kutafsiri istilahi. Hapana budi kurudisha tofauti ya fukara na maskini, kutenganisha wastani na mtu wa katikati, na kuweka kando ya pato vipimo ambavyo mwanakijiji aweza kuvihakiki mwenyewe: siku ngapi za kibarua hununua debe la mahindi, mwendo gani hadi maji, gharama gani hadi dawa. Kwa vipimo hivyo Kenya itashinda mahali fulani, na Tanzania mahali pengine, na mara nyingi mshinde atakuwa ni yuleyule pande zote mbili za mpaka. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Lakini lugha iliyo sahihi yaweza walau kumzuia asimhesabu kuwa ameshiba.